Kukodi yoti Shelisheli: bei ya orodha siyo gharama ya safari

MAKUNDI ya marafiki, ya wafanyakazi wenza na ya wanachama wa vyama vya kuweka na kukopa yanayofikiria kukodi yoti kwa likizo ya wiki moja katika visiwa vya Shelisheli huanza na hesabu nyepesi. Bei iliyoandikwa katika orodha ya kampuni inagawanywa kwa idadi ya watu, jibu linaonekana dogo kuliko bei ya hoteli, na fedha zinaanza kuchangwa.

Hesabu hiyo ni nusu ya hesabu. Yoti hukodishwa nzima, siyo kwa kitanda. Anayejitoa anaacha deni kwa waliobaki, na aliyesaini mkataba ndiye anayedaiwa na kampuni. Kwa mfanyabiashara aliyezoea kuagiza kontena kwa ubia, jambo hili siyo geni: mzigo ni mmoja, wenye mzigo ni wengi, na bandari inamtambua yule tu ambaye jina lake limo kwenye hati.

Soko lilivyo

Biashara ya kukodisha yoti kwa watalii ilikomaa kwanza katika bahari ya Karibea. The Moorings, mojawapo ya makampuni ya mwanzo, ilianzishwa mwaka 1969 katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza ikiwa na yoti sita. Kutoka huko biashara ilisambaa hadi Mediterania, Pasifiki na Bahari ya Hindi.

Shelisheli ina visiwa 115, lakini soko la yoti za kukodi limejikita katika vile vya ndani vyenye mawe ya matale: Mahé, Praslin, La Digue na visiwa vidogo vilivyo jirani. Kituo kikuu kipo Eden Island, kisiwa kilichotengenezwa kwa kujaza bahari kando ya Mahé, karibu na mji mkuu wa Victoria na uwanja wa ndege. Kutoka Mahé hadi Praslin ni takriban maili 25 za baharini, yaani mwendo wa saa nne au tano kwa yoti. Kutoka Praslin hadi La Digue ni chini ya saa mbili.

Chombo kinachopendwa zaidi na makundi ni katamarani, yaani yoti yenye matumbo mawili. Haiyumbi sana, haihitaji kina kikubwa cha maji, na ya kawaida ina vyumba vinne vya watu wawili wawili. Ndiyo maana makundi mengi huwa ya watu wanane.

Namna za kukodi ni tatu. Ya kwanza ni kukodi chombo kitupu, ambapo kikundi chenyewe kinakuwa na nahodha wake. Kampuni hudai cheti au maelezo ya maandishi ya uzoefu, na inaweza kukataa kukabidhi chombo ikiona anayeshika usukani hatoshi. Ya pili ni kukodi chombo pamoja na nahodha wa kampuni anayelipwa kwa siku. Ya tatu ni yoti yenye mabaharia kamili na mpishi. Katika namna hii ya tatu, kwenye yoti kubwa, ni desturi kutoa fungu la matumizi kabla ya safari, mara nyingi kati ya asilimia 25 na 35 ya kodi, ambalo nahodha hulitumia kwa mafuta, chakula na ushuru wa bandari. Mwisho wa safari hutoa hesabu na kinachobaki hurudishwa.

Kikundi kisicho na mtu aliyesomea kazi ya matanga kitaangukia katika namna ya pili. Hapo ndipo hesabu ya kwanza inapoharibika, kwa sababu nahodha naye anahitaji pa kulala. Baadhi ya katamarani zina kijumba kidogo cha nahodha upande wa mbele, nyingine hazina. Pasipokuwa na kijumba hicho, nahodha huchukua chumba kimoja na yoti ya watu wanane inakuwa ya watu sita. Swali hili liulizwe kabla ya bei.

Mfano wa hesabu

Takwimu zinazofuata ni za mfano tu, siyo bei ya kampuni yoyote. Zimewekwa kuonyesha jinsi gharama zinavyogawanyika. Chukua katamarani ya vyumba vinne yenye kijumba cha nahodha, kwa wiki moja, watu wanane. Hesabu ni kwa euro kwa kuwa ndiyo fedha inayotumika zaidi katika soko hili.

Kodi ya yoti: 7,000
Nahodha, 200 kwa siku, siku 7: 1,400
Usafi, matandiko, mafuta na gesi: 625
Chakula cha nahodha: 175
Chakula cha watu wanane, 175 kila mmoja: 1,400
Ada za hifadhi na maboya, 50 kila mmoja: 400
Jumla: 11,000

Kwa hesabu ya haraka, 7,000 kugawanya kwa wanane ni euro 875. Kwa hesabu kamili, kila mmoja analipa euro 1,375, kabla ya tiketi ya ndege, bima ya safari na usiku wa hoteli kwa wale ambao ndege yao inafika siku moja kabla.

Muhimu zaidi ni mgawanyo wa gharama hizo. Euro 9,200 za kwanza hazibadiliki hata watu wakipungua. Gharama inayomfuata mtu mmoja mmoja ni euro 225 tu. Yaani anayejitoa anaokoa kikundi euro 225 na kukiachia pengo la euro 1,150.

Akijitoa mmoja, waliobaki saba watalipa takriban euro 1,539 kila mmoja. Wakijitoa wawili, waliobaki sita watalipa takriban euro 1,758. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 28 kwa watu ambao hawakukosa lolote. Katika kikundi ambacho wanachama wamejibana kufikisha 1,375, ongezeko hilo linatosha kumtoa wa tatu, na wa tatu akitoka wa nne hafiki mbali.

Nani anadaiwa

Mkataba wa kukodi husainiwa na mtu mmoja kwa niaba ya wenzake. Kampuni haijui makubaliano ya wanachama. Salio lisipofika siku iliyoandikwa, kampuni ina haki kwa mujibu wa mkataba kuvunja nafasi na kubaki na malipo ya awali, yaani arubuni, ambayo katika soko hili huwa sehemu kubwa ya kodi, mara nyingi nusu. Salio hudaiwa wiki kadhaa kabla ya safari, na baada ya tarehe hiyo anayefuta safari kwa kawaida hupoteza fedha zote.

Kwa hiyo kikundi kinahitaji mikataba miwili: mmoja na kampuni, na mwingine wa wanachama wenyewe. Huu wa pili unaweza kuwa ukurasa mmoja, mradi uandikwe na usainiwe kabla fedha ya kwanza haijatumwa. Mambo ya kuwemo ni machache.

Kwanza, kila mmoja aliyeweka saini analipa fungu lake lote hata asiposafiri, isipokuwa akileta mtu wa kuchukua nafasi yake ambaye kikundi kinamkubali. Pili, tarehe za michango ziwe wiki mbili au tatu kabla ya tarehe za kampuni, ili anayechelewa agundulike mapema. Tatu, kuwe na akiba ya dharura ya asilimia 10 ya jumla, inayogawanywa mwisho wa safari isipotumika. Nne, ielezwe nani anabeba uharibifu. Akitajwa mtu, kama yule aliyepoteza injini ya kidau kwa kutoifunga, alipe yeye. Asipojulikana, walipe wote.

Wenye uzoefu wa upatu wanajua kwamba mambo haya hayasemwi kwa kutoaminiana. Husemwa mapema kwa sababu yakisemwa baadaye husemwa kwa ukali.

Dhamana na bima

Siku ya kukabidhiwa chombo, kampuni huzuia fedha za dhamana, kwa kawaida kwenye kadi ya benki ya mtu mmoja. Kwa katamarani ni maelfu ya euro. Ikiwa ni euro 4,000 kwa watu wanane, ni 500 kila mmoja, lakini kadi inayozuiwa ni ya mmoja, na kikomo cha kadi hiyo lazima kitoshe. Yapo makundi yaliyofika gatini yakiwa yamelipa kila kitu, yakakwama kwa kuwa hakuna mwanachama mwenye kadi ya kiwango hicho. Kadi ya kuchukulia fedha kwenye akaunti mara nyingi haikubaliwi. Huulizwa kadi ya mkopo.

Dhamana hiyo siyo ada. Ni kiasi cha juu cha hasara ambacho kikundi kinabeba kabla bima ya chombo haijaanza kulipa. Makampuni mengi huuza ada ya kupunguza dhamana: kikundi kinalipa kiasi kidogo kisichorudishwa, na dhamana inashuka. Ada hiyo mara nyingi haigusi kidau, injini yake, wala hasara inayotokana na kuvunja masharti ya mkataba.

Masharti yanayovunjwa zaidi ni mawili. La kwanza ni kusafiri usiku, jambo ambalo mikataba ya soko hili kwa kawaida inalikataza. Shelisheli ipo karibu na ikweta, jua linazama muda mfupi baada ya saa 12 jioni mwaka mzima, na chombo kinatakiwa kiwe kimetia nanga kabla ya hapo. La pili ni kutoka nje ya eneo lililoandikwa. Akodiye chombo cha visiwa vya ndani hana ruhusa ya kwenda visiwa vya mbali kwa sababu tu ameona hali ni shwari.

Sharti hilo la eneo lina historia yake. Oktoba 2009 wenzi wawili Waingereza waliotoka Mahé kwa yoti yao wenyewe kuelekea Tanzania walitekwa na maharamia wa Kisomali, wakaachiwa Novemba 2010. Sekta ya meli iliondoa Bahari ya Hindi katika orodha ya maeneo ya hatari kubwa tarehe 1 Januari 2023, lakini mashambulizi yalianza kuripotiwa tena mwishoni mwa mwaka huo huo katika bahari ya Somalia. Njia kati ya Mahé, Praslin na La Digue ni jambo jingine kabisa, na mstari unaochorwa na bima unazitenganisha.

Upepo ndio unaopanga ratiba

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana faida moja juu ya mtalii wa Ulaya: pepo za Shelisheli ndizo zile zile anazozijua. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki kati ya Mei na Oktoba, kukiwa na ukavu na ubaridi kidogo, na bahari huchafuka zaidi Julai na Agosti. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-magharibi kati ya Desemba na Machi, pamoja na joto na mvua nyingi. Katikati, karibu na Aprili na Novemba, ni tangambili, wakati upepo ni hafifu na maji ni maangavu.

Bei hazifuati upepo. Zinafuata likizo za Ulaya. Krismasi na Mwaka Mpya ni ghali zaidi, na Pasaka pamoja na Julai na Agosti hupanda pia. Maana yake ni kwamba anayekodi Agosti anaweza kulipa bei ya juu kwa bahari iliyochafuka, na anayekodi Novemba anaweza kulipa kidogo kwa bahari tulivu. Kwa wasiowahi kulala baharini tangambili ni chaguo bora, ingawa watategemea injini kuliko matanga, na bajeti ya mafuta iongezwe.

Upepo pia unaamua wapi pa kutia nanga. Anse Lazio, ufuko maarufu wa Praslin ulio kaskazini-magharibi, umekingwa wakati wa kusi lakini hupigwa na mawimbi wakati wa kaskazi. Beau Vallon huko Mahé ni hivyo hivyo. Grand Anse ya La Digue, iliyo upande wa kusini-mashariki, ni hatari kwa waogeleaji wakati wa kusi. Kikundi kinachopanga ratiba kwa kuangalia picha bila kuangalia mwezi kitatumia siku mbili kati ya saba kutafuta maficho.

Ada za hifadhi nazo zihesabiwe. Vallée de Mai ya Praslin, msitu wa minazi ya coco de mer uliowekwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1983, ina kiingilio. Curieuse, kwenye kobe wakubwa, ina ada. Kisiwa cha Cousin ni hifadhi ya ndege ambako wageni hawaruhusiwi kushuka kwa kidau chao. Hubebwa na mashua ya hifadhi ili panya na wadudu wasiingie. Kukaa siku tano za yoti bila kutenga fedha za kushuka pwani ni kulipia dirisha.

Shilingi dhidi ya euro

Kati ya siku ya kulipa arubuni na siku ya salio inaweza kupita miezi sita. Anayepata kipato kwa shilingi yuko katika hatari ya ubadilishaji kwa muda wote huo. Katika mfano uliopita, salio la kodi ni euro 3,500. Bei ya euro ikipanda kwa asilimia 5, salio hilo litadai shilingi ambazo awali zingenunua euro 3,675. Kikundi chenye akaunti ya fedha za kigeni kinaweza kununua kidogo kidogo kila mwezi michango inapoingia. Kisichokuwa nayo kiiweke tofauti hiyo ndani ya akiba ya dharura. Michango ya shilingi iliyopangwa kwa bei ya leo siyo michango ya euro.

Kwa matumizi ya pwani, rupia ya Shelisheli hubadilishwa bila vikwazo vya zamani tangu nchi hiyo ilipoachia thamani ya fedha yake soko mwezi Novemba 2008. Kununua rupia nyingi kabla ya kufika hakuna faida.

Kampuni ikianguka

Septemba 2019 kampuni kongwe ya utalii ya Uingereza, Thomas Cook, ilifilisika na kuacha Waingereza wapatao 150,000 nje ya nchi. Walirudishwa na serikali yao, na safari za wengi wao zilikuwa na kinga ya kisheria. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anayetuma fedha kwa dalali wa ng'ambo hana budi kuuliza kama kinga ya aina hiyo inamhusu, kwani nyingi zinahusu tu safari zilizouzwa katika nchi husika.

Mambo ya kuchunguza ni yale ya biashara yoyote: dalali ni wakala wa nani, fedha zinaingia akaunti ya nani, na je, kuna akaunti ya amana ambayo dalali hawezi kuitumia mpaka safari ifanyike. Mkataba uwe na jina la chombo, mwaka wake wa kutengenezwa, na kinachotokea chombo hicho kisipopatikana. Maneno “au kinachofanana nacho” yana gharama yake.

Mwaka 2020 mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona, makampuni mengi ya utalii yalitoa hati za kusafiri baadaye badala ya kurudisha fedha. Aliyekuwa na kifungu cha kurudishiwa alikuwa na hoja. Asiyekuwa nacho alipewa karatasi.

Kishawishi cha kununua

Baadhi ya waliokodi hurudi nyumbani na kijitabu kingine: ofa ya kununua yoti na kuiacha ndani ya kundi la vyombo vya kampuni. Kampuni huendesha, hutunza na kukodisha, na mwenye chombo hupata gawio pamoja na wiki kadhaa za kukitumia, kwa miaka mitano hivi. Kwenye ofa nyingine gawio ni la uhakika. Kwenye nyingine linategemea siku zilizokodishwa.

Kwa mwekezaji mdogo, swali kubwa siyo gawio bali bei ya kuuza mwishoni, kwa sababu hapo ndipo mtaji ulipo. Chombo kilichotumiwa na wageni kila wiki kwa miaka mitano kinauzwa kwenye soko ambalo vyombo vya aina hiyo hiyo hutoka kwa pamoja. Aidha, “gawio la uhakika” lina uhakika wa kampuni inayoliahidi, si zaidi. Tarehe 6 Septemba 2017 kimbunga Irma kilipopiga Visiwa vya Virgin vya Uingereza, sehemu kubwa ya yoti za kukodi ziliharibiwa kwa siku moja, na wenye vyombo wakajifunza kusoma mikataba yao ya bima.

Visiwa vya ndani vya Shelisheli vipo nje ya njia ya kawaida ya vimbunga, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini kisiwa cha Farquhar, mbali kusini katika nchi hiyo hiyo, kilipigwa na kimbunga Fantala mwezi Aprili 2016.

Utaratibu kwa ufupi

Kikundi kinachotaka kusafiri mwakani kianze na idadi ya watu walio tayari kusaini, siyo walio tayari kusema ndiyo. Kifuate mwezi, kisha aina ya chombo, kisha bei kamili kutoka kwa madalali wawili au watatu, zote zikiwa na nahodha, usafi, mafuta na dhamana ndani yake. Makubaliano ya wanachama yasainiwe, michango ya kwanza ikusanywe, ndipo arubuni itumwe. Tiketi za ndege zinunuliwe baada ya mkataba wa yoti kuthibitishwa, na kibali cha kuingia Shelisheli, ambacho huombwa kwa intaneti, kishughulikiwe siku chache kabla ya kuondoka.

Na hesabu ifanywe kwa watu sita hata kama walioahidi ni wanane. Kama wanaweza kuimudu wakiwa sita, safari ipo. Kama haiwezekani mpaka wafike wanane wote, yoti ndogo ya vyumba vitatu inaweza kuwa biashara nzuri zaidi.